Kidole Kimoja Chini ya Msumari

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Agosti. Asubuhi ukungu, kisha jua kidogo, na saa nane mchana mvua ya mawe ikapiga kama robo saa hivi. Sikutazama saa vizuri, nakadiria. Mawe yalikuwa ya ukubwa wa maharagwe. Chai ya upande wa mtoni imechanika, ya upande wa juu imepona. Watu wamerudi kambini mapema, na mimi nimekaa mezani na daftari kwa sababu kuna jambo nimelifanya leo, nataka kuliandika kabla sijaanza kujisifu au kujilaumu kupita kiasi. Yote mawili nayaweza.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Nilianza kuandika nilipofanywa nyapara, maana meneja wa wakati ule alitaka kila nyapara aandike mvua. Wenzangu waliandika “imenyesha” au “haijanyesha,” wakafunga kitabu. Mimi nilizidisha. Niliandika imenyesha saa ngapi, nani alikuwa hajavaa aproni, nani alisema nini tukiwa tumejificha kwenye banda la kupimia majani. Meneja huyo aliondoka zamani na hakuna anayeniuliza mvua tena, ila tabia imebaki. Sijui kama ni tabia nzuri. Mke wangu anasema ni njia ya mtu mzima kukaa bila kazi mkononi.

Jambo lenyewe lilianza wiki tatu zilizopita, msaidizi wa meneja aliponiita ofisini akaniambia kwamba mashine za watu wawili zinakuja kwenye kikosi changu. Ni kijana wa chuo, mwenye adabu, na alinipa kiti. Mashine hizi tulikuwa tumeziona kwenye mashamba mengine upande wa Kericho. Ni kama mkono mrefu wenye meno, umepinda kidogo kufuata mgongo wa chai. Mtu mmoja anashika huku, mwenzake anashika kule, wanatembea wakitazamana na mstari wa chai katikati yao, na majani yanapulizwa kwenye gunia refu linaloshikwa na mtu wa tatu nyuma. Kazi ya asubuhi moja ya watu wengi, hao watatu wanaimaliza na wanabaki na muda wa kupumzika.

Kikosi changu kilikuwa na watu thelathini na wawili. Aliniambia watabaki kumi na wawili.

Nilimuuliza nani atawachagua. Akasema, “Wewe, mzee. Wewe ndiye unawajua.” Alisema hivyo kama mtu anayenipa heshima, na nadhani ndivyo alivyokusudia. Aliniambia jambo moja tu la kuzingatia: wanaoshika mashine wasiwe wafupi. Chai yetu ni ya zamani, meza yake, yaani ule usawa wa juu tunaouchuma, imepanda, na mtu mfupi akishika upande mmoja mashine inalala, inakata juu huku na chini kule. Meza ikiharibika inachukua miezi kurudi. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu.

Nilitoka pale nikiwa na mzigo mzito kuliko watu walivyofikiri. Kikosi changu ni cha mchanganyiko. Nusu ni watu wetu Wakipsigis wa hapa karibu na wa Bomet, nusu ni watu wa Kisii ambao wengine walizaliwa kambini humu na hawana kwao pengine pa maana. Nilijua nikichagua kwa mdomo, kila jina litakuwa na maelezo yake nyuma ya nyumba. Ukichagua Mkipsigis, ni ukabila. Ukichagua Mkisii, umepewa kuku. Halafu kulikuwa na shemeji.

Shemeji ni kitinda mimba wa kwao mke wangu. Alikuja kutoka Siongiroi miaka mitatu iliyopita baada ya ukame kummalizia ndama zake, na tangu hapo analala chumba chetu cha mbele. Ni mtu mzuri, mcheshi, mchumaji wa wastani. Sina neno baya juu yake, ila anapenda kuimba akiwa anaoga.

Kwa hiyo nikatafuta njia ambayo si mimi. Nilikata ufito ulionyooka, nikaupigilia msumari mmoja, nikasema: atakayefika msumari anashika mashine, asiyefika hashiki. Ufito hauna ukoo. Nilijivunia jambo hilo. Niliandika humu daftarini kwamba nimepata njia ya haki, na nikapiga mstari chini ya neno haki. Sasa najua kwamba hata hapo sikuwa mkweli kabisa, maana msumari niliupiga pale ambapo kwa macho yangu niliona watapita kumi na wawili hivi. Urefu wa meza ya chai sikuupima. Nilipima watu.

Siku ya kupima tulikutana banda la kupimia majani, saa saba, kazi ikiwa imekwisha. Walikuja mmoja mmoja kusimama kwenye sakafu ya saruji, mgongo kwenye ufito. Mzaha ulikuwa mwingi, kama ilivyo watu wakiogopa. Mchumaji mmoja mrefu sana aliambiwa akatwe kidogo, wapewe wengine. Mwingine mfupi alipofika alisema, “Nyapara, mimi nipime nikiwa nimekasirika, huwa naongezeka.” Tulicheka wote, na yeye alicheka, halafu akaenda kukaa upande wa wale ambao hawakufika.

Shemeji alisimama. Nywele zake ziligusa msumari. Nilibonyeza nywele kwa kiganja, kama nilivyowafanyia wote, na bado msumari ulikuwa umegusa kichwa. Akapita. Alikuwa wa kumi na moja.

Hapo mvua ikaanza, na upepo ukaiingiza mpaka katikati ya banda. Tukakimbilia na ufito wetu darasa la chekechea, hatua chache kutoka pale, tukiwa tumebakisha watu watano, wote wanawake. Wanne kati yao hawakuwa na shaka. Mmoja alipita kwa urefu wa kiganja kizima, akawa wa kumi na mbili, na watatu hawakufika hata karibu. Wa mwisho alikuwa mama wa laini ya nne, safu ya nne ya nyumba za kambi.

Nitamwita hivyo. Ni mtu wa Kisii, amechuma chai katika kikosi hiki miaka kumi na minane, na mimi mwenyewe nilimkuta hapa. Vidole vyake vinakwenda bila yeye kuvitazama. Anazungumza na mwenzake wa mstari wa pili huku majani yanaruka kwenda kikapuni. Nyumba ya laini ya nne ni ya kampuni, kama nyumba zetu zote. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi ofisini. Binti yake yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa hapa, anatembea. Kwao Kisii wana shamba la matuta machache ya mahindi, na limegawanywa kwa ndugu watano wa mumewe. Kwa hiyo kwake ufito ule ulikuwa unapima nyumba, na shule ya binti yake, na kila mtu pale ndani alijua.

Alisimama. Msumari ulikuwa juu ya kichwa chake kwa kidole kimoja. Nilirudia mara mbili. Kidole kimoja, hiki cha shahada, kikilala.

Aliuliza tu ufunguo unatakiwa lini. Nikamwambia mwisho wa mwezi. Akasema, “Sawa, nyapara,” akatoka.

Jioni ile niliandika kurasa nne. Nililala vizuri pia, na hilo nalo niliandike.

Jumapili iliyofuata alikuja mheshimiwa mmoja anayetaka kiti, akasimama juu ya gari kwenye kituo chetu cha maduka na kipaza sauti. Alisema mashine zote zitatoka shambani akichaguliwa. Alisema manyapara ndio wanaouza watu wao. Sikuwa mbali, nilikuwa nanunua mafuta ya taa, na watu wachache walinigeukia. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, “Huyo ni wa msumari.” Shemeji, ambaye alikuwa amesimama na marafiki, alimjibu kwamba msumari haukumuonea mtu, kwamba hata yeye alipona chupuchupu. Alinitetea kwa moyo safi. Watu walimbeba mheshimiwa mabegani. Baadaye niliambiwa alionekana akinywa chai kwa meneja. Sikumwona mimi. Aliyeniambia ni askari wa geti, na huyo hampendi mheshimiwa tangu zamani, kwa hiyo naliacha hapo.

Siku hizo binti yangu mkubwa alikuwa nyumbani kwa likizo. Anafundisha historia shule moja ya kutwa karibu na Kapkatet, na alikuja na furushi la daftari za kusahihisha na kitabu kinene cha Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Nikafungua mahali palipokuwa na alama, nikakuta habari za Amerika, wakati ule viwanda na reli zilipoanza kule.

Nilidhani nitakutana na mambo ya mbali. Nikakuta kambi. Kampuni inajenga nyumba, inajenga duka, inaleta daktari, na mtu akifukuzwa kazi anatoka siku hiyo hiyo na godoro lake. Nikakuta habari za mafundi wa chuma ambao walijua kwa kutazama rangi ya moto kwamba chuma kimeiva. Miaka mingi mtu alikuwa anajifunza rangi hiyo. Halafu zikaja njia mpya na mitambo, na rangi ya moto haikuhitajika tena. Akachukuliwa mtu yeyote aliyeshuka melini jana, hajui hata lugha, akaonyeshwa pa kushika. Waliokuwepo wakawachukia waliokuja, na waliokuja wakawachukia waliokuja baada yao. Wakati huo tajiri alikuwa mbali, katika nyumba yenye ngazi mbili, na wanasiasa walikuwa wanapanda ngazi hizo.

Nilimuuliza binti yangu kama tajiri huyo alikuwa mtu mbaya.

“Kwa mtihani,” akasema, “tunaandika faida tano na hasara tano.”

“Na wewe mwenyewe, mwalimu?”

Alicheka nilivyomwita. Akaniambia kwamba wengine wa matajiri hao walipozeeka walijenga maktaba na vyuo, ambavyo vipo mpaka leo na watu wanasoma humo. Nikasema hiyo ni faida kubwa. Akasema ndiyo, ni kubwa, lakini wafanyakazi waliovunjiwa mgomo wao na kufukuzwa kwenye nyumba, hawakuulizwa kama wangependelea maktaba.

Nilikaa na neno hilo. Nataka kuwa mwenye haki hata kwa tajiri. Binti yangu huyu alizaliwa katika zahanati ya kampuni, usiku ambao mama yake angeweza kufa, na gari la kampuni ndilo lililompeleka mama huyo hospitali ya Kapkatet. Shule ya msingi aliyosoma ilikuwa ya kampuni. Upande wa pili, baba yangu alinionyesha alipokuwa hai kilima ambacho sasa ni chai tupu, akasema babu yake alilisha ng’ombe pale, na hakuna aliyemuuliza. Nikijaribu kuweka mambo haya mawili pamoja kichwani, moja linaanguka. Pengine mtu aliyesoma zaidi anayaweza.

Nilimwambia binti yangu kwamba angalau sisi hapa tulichagua kwa njia safi. Nikamweleza ufito. Alisikiliza, akaomba kuona nilivyoandika, kwa sababu alitaka kuwasimulia wanafunzi wake. Nikafungua ukurasa, nikaanza kumsomea kwa sauti.

Nilikuwa nimeandika kila kitu, kama kawaida yangu. Kwamba banda lilikuwa na matope ya gambuti, viatu vyetu vya mpira, mpaka sakafu haionekani. Kwamba yule mama anayelea watoto wa chekechea alisimama mlangoni akatukatalia kuingia na matope, kama anavyofanya kila siku. Kwamba mimi nilibaki nimeweka mguu mmoja nje na mmoja ndani ili nisigombane naye. Halafu nikasoma: “Wanawake wakavua gambuti mlangoni, maana wamezoea.”

Nikarudi mwanzo wa mstari huo, kidole chini ya neno.

Wanawake wa shamba huwaacha watoto pale asubuhi na kuwachukua mchana. Miaka yote wanavua gambuti mlangoni. Hata aliye na watoto wakubwa, miguu yake bado inakumbuka. Sikumwambia mama wa laini ya nne avue. Hakuna aliyemwambia. Na bandani, kwenye saruji ile ya matope, hakuna aliyevua.

Nilienda mlangoni nikaichukua gambuti ya shemeji, nikaweka vidole kwenye kisigino, ndani na nje, kupima unene wa soli. Ilikuwa vidole viwili na zaidi kidogo.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Shemeji aligusa msumari akiwa amesimama juu ya vidole viwili vya mpira. Mama wa laini ya nne alikuwa chini kwa kidole kimoja akiwa amesimama juu ya nyayo zake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sikufanya kitu Jumatatu, wala Jumanne. Nilijiambia orodha imeshakwenda Kericho. Nilijiambia kwamba nikibadilisha moja watakuja wote. Nilijiambia kwamba shemeji naye ana haki ya kula, na kwamba ukame wa kwao si hadithi. Sababu hizi zote ni za kweli, na ndiyo maana zilinisumbua. Sababu ya uongo ningeitupa mara moja.

Jana nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

“Kwa hivyo unataka kumfukuza ndugu yangu kwa sababu ya viatu.”

Nikasema sitaki kumfukuza, nataka kumpima tena.

“Na akipungua?”

Nikatazama mlangoni, zilipokaa gambuti.

“Wewe umeshampima,” akasema. “Umempimia kwa gambuti yake hapo mlangoni. Binti yako ameniambia.” Aliendelea kuchambua. Baadaye kidogo akasema kwamba yeye hatasema niende wala nisiende, ila nimwambie shemeji mwenyewe, asisikie kwa watu. Naona hapo alikuwa na haki kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimepanga kupitia ofisini kwanza.

Nilimwambia shemeji jioni, tukiwa tumesimama nje kwenye ua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akacheka kidogo, akatazama miguu yake.

“Bana shemeji,” akasema, “si ungenyamaza tu? Nani angejua?”

“Imeandikwa,” nikamwambia.

“Imeandikwa na nani? Si ni wewe.”

Hilo ni kweli kabisa. Hakuna mtu duniani angenisoma zaidi ya binti yangu. Shemeji akasema, “Haya, tutapimwa,” akaingia ndani. Hakuoga jana, au alioga bila kuimba.

Leo asubuhi nikaenda ofisini. Msaidizi wa meneja alinisikiliza, akauliza mara mbili kama kuna mtu amenitisha. Alidhani ni mambo ya mheshimiwa wa kipaza sauti. Nikasema hapana. Akasema orodha bado inaweza kubadilishwa mpaka kesho, lakini nitaandika barua kwamba kosa lilikuwa langu, na barua itakaa kwenye faili langu. Nikaiandika hapo hapo. Alinisaidia maneno mawili ya Kiingereza. Nilipomaliza aliniuliza, si kwa ubaya, kwa nini sikuchagua tu wanaofanya kazi vizuri. Nikasema niliogopa kuonekana napendelea. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. Lakini swali lake nimelibeba. Ningechagua kwa kazi, mama wa laini ya nne angekuwa wa kwanza, na ningelisimamia jina lake kwa mdomo wangu. Niliupa ufito kazi ambayo ilikuwa yangu.

Tulipima saa nne, kwenye saruji ya banda, imeoshwa. Watu wengi walisimama kutazama. Wale waliopita kwa mbali sikuwasumbua. Niliwaita wawili tu, na nikatangaza kosa langu kwanza, kwamba mmoja alipimwa na gambuti na mwingine bila, na aliyepima ni mimi. Kulikuwa na minong’ono. Mtu mmoja nyuma akasema, “Kumbe na viatu vinahesabiwa, ningekuja na vya mke wa mheshimiwa,” na wengine wakacheka, na nikashukuru kimoyomoyo kwa kicheko hicho.

Shemeji alivua gambuti na soksi. Soksi moja ilikuwa na tundu, akaificha ndani ya gambuti. Akasimama. Vidole viwili chini. Mama wa laini ya nne akasimama. Kidole kimoja chini, kama mwanzo. Hakuna kati yao aliyefika msumari. Nafasi ilikuwa moja, na kati ya hao wawili yeye ndiye mrefu, kila mtu aliona. Nikaandika jina lake na kufuta la shemeji mbele yao.

Shemeji alimpa mkono. Hilo nililiona mwenyewe na naliandika kwa furaha. Alimwambia, “Mama, mashine shika vizuri, isilale upande.” Akachukua gambuti zake mkononi, akaenda nazo hivyo hivyo, miguu mitupu kwenye matope mpaka nyumbani.

Watu walipotawanyika, mama wa laini ya nne alibaki. Nilidhani atashukuru, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa nangojea. Alishukuru kweli. Alisema binti yake atamaliza shule, na kwamba Mungu anibariki. Halafu akasimama akitazama ule ufito niliokuwa nimeushika.

“Nyapara, nikuulize kitu, usikasirike?”

Nikamwambia aulize.

“Hao wengine wote, waliokuwa mbali na msumari. Hao makosa yao ilikuwa nini?”

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Hao wengine ni majirani zake. Watatu wanasali naye kila Jumamosi. Mwenzake wa mstari wa pili, yule anayezungumza naye wakichuma, yuko kati yao na amekwishafunga vyombo.

Nilianza kumwambia habari za urefu wa meza, na mashine kulala, na maneno ya ofisi. Nilisikia sauti yangu ikiwa sawa kabisa na ya ofisi. Nikaacha. Nikamwambia hawakuwa na kosa. Akasema, “Nilitaka tu usikie mwenyewe,” akaenda zake.

Nimejaribu mchana wote, tangu mvua ya mawe ilipopiga bati, kufanya alivyosema binti yangu: faida upande huu, hasara upande huu. Chai yetu ikiwa ghali kuliko ya wengine haitanunuliwa, na hapo hata kumi na wawili hawatabaki, hiyo naiamini. Waliobaki watafanya kazi ya kutembea wima badala ya kuinama kutwa; hiyo nimeiona. Halafu nafika upande wa pili, na badala ya maneno yananijia majina, naona nyuso. Nilikuwa nimeshughulika wiki nzima na haki ya kidole kimoja, nikaona ni kubwa, na ilikuwa kubwa kwa watu wawili. Hao wengine walipita mbele yangu mgongo kwenye ufito, nikawabonyeza nywele kwa uangalifu, kwa usawa, bila kumuonea yeyote, nikawaondoa kwenye nyumba zao. Kitabu cha Amerika hakisemi nani alishika ufito kule. Lazima alikuwepo mtu kama mimi, darasa la saba, anayeogopa kusemwa.

Sijui ningefanya nini tofauti. Pengine ningekataa kuchagua, na ofisi ingempa mwingine. Pengine tungekwenda wote thelathini na wawili ofisini pamoja, mimi mbele, siku ile ile ya kwanza nilipopewa kiti. Wazo hilo halikunijia kabisa. Limenijia leo, na nimeona aibu kwamba lilichelewa kiasi hicho. Kesho nitamuuliza msaidizi wa meneja kama hao wanaotoka wanaweza kubaki kwenye nyumba mpaka shule zifunge Novemba. Huenda akakataa. Nitakwenda nao wanaotaka kwenda, nisiseme peke yangu.

Shemeji anaondoka Jumamosi. Amesema atashuka Siongiroi aone kama kuna wa kumpa ng’ombe za kuchunga kwa mkataba wa kulipwa ndama. Mke wangu hajaninunia. Hajazungumza nami sana pia.

Jioni tumekula ugali na kabichi iliyokaangwa na nyanya, na mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyobaki kwenye kibuyu. Mke wangu alimkatia ndugu yake ugali kwanza, halafu mimi, halafu binti yetu, halafu yeye mwenyewe, vipande sawa. Shemeji alimaliza wa kwanza, akasukuma sahani mbele akaomba aongezwe, na nikampa nusu ya changu.